Vidole Mbele ya Bibi wa Lango

Salha ameniomba niandike namna ninavyowaangalia watu wanapocheza, ili atakayekalia kiti changu asianze kwa kubahatisha kama nilivyoanza mimi. Nilimwambia mambo yenyewe ni machache, na mengi kati yake ni ya kukaa kimya. Akasema basi niyaandike hayo hayo machache. Nimestaafu mwezi huu, sina safari, na nyumba yangu iko jirani na ofisi, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali mnajua pa kunipata.

Kabla ya gemu nilikuwa mwandishi wa habari wa wilaya. Niliandika habari za mahakama ya mwanzo, za mnada wa samaki, za mashamba ya Fukayosi yaliyoliwa na nguruwe pori, na za vikao vilivyotangazwa kuanza asubuhi vikaanza watu walipokwisha kula mchana. Gazeti lilipopunguza waandishi wa wilayani nilirudi nyumbani nikakaa. Siku moja akaja Salha, ambaye mama yake nilisoma naye. Akaniamkia, akaketi, akanywa chai mpaka kikombe kikaisha, ndipo akaniambia kwamba yeye na wenzake wanatengeneza gemu la kompyuta na wanatafuta mtu wa kuwaangalia wachezaji na kuandika anachokiona. Nikamwambia sijawahi kucheza gemu maishani mwangu. Akasema hiyo ndiyo sababu ya kuja kwangu.

Ofisi mnaijua, lakini wakati ule ilikuwa sebule tu ya nyumba ya matofali nyuma ya soko la samaki. Palikuwa na meza mbili, kompyuta, betri za sola kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na feni moja iliyogeuka upande wa Salha kwa sababu ndiye aliyeinunua. Moshi wa wakaangaji uliingia dirishani tangu asubuhi. Fundi mmoja aliyekuja kutoka Dar kusafisha kompyuta alifungua ya kwanza, akanusa, akauliza kwa adabu kama tunapikia juu yake.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Salha, ambaye kwa umri ni binti yangu. Alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta akanionyesha Tausi, msichana mwenye fimbo, anayeshuka chini ya mji kutafuta kisima kilichopotea. Chini huko kuna mji mwingine, wa mawe ya matumbawe, wenye vichochoro na mikoko inayoota kichwa chini kutoka darini. Tausi anakimbia, anaruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, anapigana na popo na kaa wenye taa mgongoni. Kila anapopata uwezo mpya, kama ule wa kung'ang'ania ukuta au wa kuruka tena akiwa hewani, inambidi akumbuke mahali aliposhindwa kupita zamani, arudi akajaribu. Nililipenda hilo mara moja. Katika uandishi wa habari nilikuwa na majengo kadhaa ya serikali ambayo ningependa kuyarudia nikiwa na uwezo mpya.

Salha alinifundisha mambo matatu ambayo nimeyatumia mpaka siku ya mwisho. La kwanza ni huruma. Mchezaji akichelewa kidogo, yaani mguu wa Tausi umekwisha toka ukingoni ndipo anabonyeza kuruka, gemu linamkubalia kana kwamba aliwahi. Mchezaji hajui kama amesamehewa, anajiona hodari. La pili ni ishara. Adui hapigi ghafla. Huinua mkono kwanza, au huvuta pumzi, au taa yake hubadilika rangi, na asiyetoa ishara ni adui aliyetengenezwa vibaya. La tatu ni kisanduku. Kila kiumbe ndani ya gemu amevikwa kisanduku kisichoonekana, na pigo huhesabiwa pale tu linapogusa kisanduku hicho. Unaweza kuona fimbo imepita katikati ya popo na popo akaendelea na shughuli zake, kwa sababu kisanduku chake kimewekwa pembeni.

Baada ya hapo akanipa sharti: mwangalizi hashiki pedi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea. Alisema nikianza kucheza nitazoea, na nikishazoea nitaacha kuona. Nikalishika sharti hilo miaka yote, na ndiyo maana Abuu, dereva wa bajaji aliyekuwa akija kutujaribia gemu kila akikosa abiria, alipenda kunitambulisha kwa wageni kama fundi wa gari asiye na leseni.

Kifaa changu nilikibuni mwenyewe. Watu wengi wanaojaribu gemu hurekodi kioo. Mimi nilitaka mikono. Nilichukua simu yangu ya zamani nikaifunga kwa mipira ya baiskeli chini ya ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi, nikaiweka mbuzi mezani, jicho la simu likatazama chini penye pedi. Salha alicheka mpaka akaondoka chumbani. Lakini mbuzi haiyumbi, ina urefu unaotakiwa, na mchezaji akishaizoea haioni tena. Naiacha ofisini. Msiikunie nazi.

Mbuzi ilianza kulipa kwa Kaa Mkuu. Huyu ni adui wa katikati ya gemu, mkubwa kama chumba, na wachezaji wote waliokufa kwake walitoa sababu moja: pedi mbovu, ukibonyeza kuruka hairuki. Salha akabadilisha pedi. Wakaendelea kufa, na pedi mpya nayo ikawa mbovu. Nilipotazama picha za mikono niliona wanabonyeza mapema, mara tu gando linapoanza kupanda, wakati ishara ya kweli ilikuwa taa ya mgongoni kuzimika. Hakuna aliyekuwa akiitazama taa. Taa ikahamishiwa kwenye gando, na pedi zote zikapona siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeona jambo hilo mahakamani mara nyingi. Shahidi hasemi uongo, anakuambia alichodhani amefanya. Mkono ndio uliokuwepo.

Sasa niwaeleze habari ya Bibi wa Lango, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara, na kila mmoja wenu anaisimulia kivyake.

Mapambano yote ya gemu letu ni kazi ya Faraji. Wengine mmemkuta akiwa mtu wa kuongea, lakini alipokuja kwetu kutoka Kerege alikuwa kimya kama kabati. Mapigo aliyajaribu kwanza uani kwa mpini wa fagio, na majirani walichukua muda kuzoea. Adui aliyempenda kuliko wote ni wa mwisho: mwanamke mzee mwenye mkongojo, anayelinda lango la kisima. Anatembea taratibu, bega moja limeinama, anasimama, anatengeneza ushungi wake, kisha anakuja na mkongojo kwa kasi usiyoitarajia. Mwendo ule haukutoka kichwani mwa Faraji. Ni mwendo wa bibi yake mzaa mama aliyemlea. Alimpiga picha za video akitembea uani kwake Kerege, akifagia na kumfokea kuku, na mwaka uliofuata yule bibi akafariki. Faraji aliendelea kuitengeneza sura hiyo baada ya arobaini, kidogo kidogo, na sisi tulijua tusimharakishe.

Tulipoanza kumjaribisha, mambo yakawa ya ajabu. Vijana wawili wa Dar, waliozoea magemu ya kila aina, walikuja wakamwangusha Bibi asubuhi ile ile wakaenda kula pweza. Watu wetu wa Bagamoyo, waliokwisha mpita Kaa Mkuu ambaye ni mgumu kuliko yeye, walifika kwa Bibi wakafa. Wakarudi wakafa tena. Abuu, ambaye alikuwa akimaliza kila kitu huku akiongea na simu, alikufa mpaka akaacha kuongea. Akasema huyu bibi noma, akachukua ufunguo wake akaenda kutafuta abiria.

Faraji akampunguza nguvu. Wakafa. Akampunguza kasi, akarefusha ishara zake mpaka ungeweza kunywa maji kati ya ishara na pigo. Wakafa polepole zaidi. Ukiwauliza, jibu lilikuwa lile lile, kwamba ana nguvu sana.

Wasambazaji kutoka nje walikuwa wanakuja kulitazama gemu mwezi uliofuata. Salha hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na lango la mwisho ambalo watu hawapiti. Alimwita Faraji mbele yangu akamwambia kwamba ikifika wiki ya wageni na hali ni hiyo, Bibi atatolewa na mahali pake litawekwa joka, ambalo wachoraji wangeweza kulimaliza kwa wakati. Faraji hakubisha. Alisema joka ni sawa, ila litengenezwe na mtu mwingine, na yeye ataandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo ili asilione. Kisha akarudi kwenye meza yake akaendelea na kazi. Salha alinitazama kama mtu anayetaka nimwambie kwamba hakusikia vizuri. Nilikuwa nimesikia vizuri pia.

Nikarudi kwenye mikono. Nilizitazama picha za wachezaji wote waliokufa kwa Bibi, moja baada ya nyingine, bila kutazama kioo kabisa. Kwa Kaa Mkuu gumba la kulia hukaa juu ya kitufe cha kupiga muda wote, hata mtu anaporuka. Kwa popo hivyo hivyo. Tausi akiingia kwa Bibi, gumba linatoka. Halihamii kwenye kitufe kingine. Linatoka tu, linakaa hewani au linalala pembeni ya pedi, na mtu anabaki kukwepa na kukwepa. Baada ya kupigwa mara kadhaa ndipo linarudi, na wakati huo Tausi amebakiza pumzi ya mwisho. Abuu alifanya hivyo. Mwalimu wa madrasa aliyekuja mara moja tu alifanya hivyo. Vijana wa Dar hawakufanya hivyo hata kidogo.

Nilikuwa na ninachokiona lakini sikuwa na sababu yake, na bila sababu habari haijakamilika. Nikaenda sokoni kwa Mama Chiku. Huyu ni mkaangaji samaki, jirani yetu wa moshi, na ndiye mchezaji mwenye mikono mepesi kuliko wote niliowaangalia. Anasema ni kwa sababu amezoea kugeuza samaki kabla hawajamrukia na mafuta. Nilimuuliza mambo ya biashara na ya watoto, kisha nikamuuliza swali ambalo hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote. Sisi tuliuliza kwa nini umekufa. Mimi nikamuuliza kwa nini hukupiga.

Aligeuza samaki wawili kabla ya kujibu.

"Nimpige nani, Bi Zuhura?"

"Yule bibi."

"Yule mtu mzima? Amesimama mlangoni kwake, mimi ndiye niliyeingia na fimbo bila hodi. Na bado nimpige?" Akaniangalia kama mtu anayeumwa. "Mwambieni huyo kijana wenu, tukifika kwa vile vidude vyenye taa aniite. Kwa bibi wa watu simo."

Nilimwambia ni picha tu. Akasema anajua ni picha, na akauliza kama ningempiga kofi mama yangu kwenye picha.

Nilirudi ofisini nikamwonyesha Faraji mikono. Alitazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa Abuu aliomba nirudishe nyuma. Nikamweleza aliyosema Mama Chiku. Nilitegemea afurahi kwamba tatizo limepatikana, lakini aliinamisha kichwa, na nikaelewa kwamba kwake hii ilikuwa habari mbaya kuliko zote. Alikuwa amemtengeneza vizuri mno. Bega lile, ushungi ule, kusimama kule kabla ya kusogea: kila aliyelelewa pwani hii alikuwa anamjua. Ili watu wampige ingebidi amharibu.

"Basi wekeni joka," akasema.

Nilimwambia asiamue leo. Ilikuwa Ijumaa. Akaenda msikitini, na hakurudi jioni ile wala kesho yake. Tulisikia amekwenda Pangani kwa wajomba zake, kwenye harusi ambayo alikuwa amekwisha waambia hataweza kuhudhuria.

Jumatatu alikuja mapema kuliko sisi sote. Nilimkuta uani na mpini wa fagio, amemshikisha Abuu mpini mwingine, na Abuu akilalamika kwamba amekuja kunywa chai. Kule harusini walicheza kirumbizi. Asiyeujua mchezo huo, ni wa fimbo: zumari na ngoma zinapigwa, watu wawili wanaingia uwanjani, na kijana akimkabili mzee hutoa heshima kwanza, fimbo chini, mpaka mzee aipokee. Hapo ndipo wanaanza, na mzee humshambulia kijana bila huruma hata kidogo. Fimbo hugonga fimbo. Mwili haulengwi. Faraji alisema amemwona mjomba wake wa umri wa bibi yake akimzungusha kijana wa watu uwanja mzima, na yule kijana akirudisha kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Alichokifanya kwenye kompyuta kilikuwa kidogo mno kwa macho. Alikitoa kile kisanduku kisichoonekana mwilini mwa Bibi akakihamishia kwenye mkongojo. Sasa ukimpiga Bibi mwenyewe fimbo inapita kama upepo. Kinachohesabiwa ni mkongojo tu, na mkongojo ukitoka mkononi mwake umeshinda. Kisha akaweka kizingiti. Tausi akifika hapo akasimama, fimbo yake inashuka yenyewe, Bibi anatengeneza ushungi, anainua mkongojo, ngoma inaanza. Anayepita kizingiti mbio bila kusimama anakutana na mkongojo usoni, na hakuna ishara.

Salha alilitazama kwa makini. Akasema ni zuri, lakini mchezaji wa nchi za mbali hajui hodi ni nini, atajuaje kama anatakiwa kusimama?

"Atajifunza kwa kupigwa," Faraji akasema. "Sisi tulijifunzaje?"

Salha akakubali tujaribu, kwa sharti moja ambalo lilinishangaza. Alitaka nguvu na kasi ambazo Faraji alimpunguzia Bibi zirudishwe zote. Faraji akazirudisha, akaongeza.

Mama Chiku hakutaka kuja. Nilimwambia hatapiga mtu mzima, atapiga mkongojo, na kwamba bibi mwenyewe ndiye atakayeanza. Alikuja baada ya wateja wa mchana, akafuta mikono kwenye kanga, akaketi nyuma ya mbuzi yangu. Salha alikaa pembeni. Wageni walikuwa wamebakiza siku chache wafike, na wachoraji walikuwa wamekwisha chora kichwa cha joka. Faraji alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Tausi akafika kizingitini. Mama Chiku hakuwa ameelezwa habari ya kusimama, lakini alisimama, na gumba likatoka kama kawaida yake. Fimbo ikashuka. Bibi akatengeneza ushungi, akainua mkongojo, zumari ikalia. Nikaliona gumba likirudi juu ya kitufe kabla Bibi hajapiga hata pigo moja, na nikamwonyesha Salha kwa kidole. Alikwisha liona.

Mama Chiku alikufa haraka sana. Akacheka kwa sauti, akamuuliza Bibi leo amekula nini, akaanza tena. Akafa tena, akamwita mchawi, akaomba radhi papo hapo. Abuu aliingia akasimama nyuma yake kumpa ushauri, akaambiwa anyamaze kwa kuwa yeye mwenyewe alishindwa. Sikuona tena gumba lile likitoka isipokuwa pale kizingitini, kila mara, kwa muda ule ule wa salamu. Ndipo mkongojo ukamponyoka Bibi, ukabingirika chini. Bibi hakuanguka. Aliketi kwenye baraza la lango, akajipepea kwa ncha ya ushungi, akamwonyesha Tausi kwa mkono kwamba apite.

Mama Chiku aliweka pedi mezani. "Kumbe mcheshi," akasema. "Huyu ni bibi wa nani?"

Nilipogeuka, Faraji alikuwa amekwenda kutazama betri za sola, ingawa umeme haukuwa umekatika.

Wageni walikuja, walipigwa kizingitini kama ilivyotarajiwa, wakajifunza. Kichwa cha joka bado kipo kwenye kompyuta ya wachoraji na nimesikia mna mpango nacho. Yaliyofuata mengi mliyashuhudia wenyewe, na kesi nyingine ngumu nilizokutana nazo, kama ile ya daraja la mikoko na ile ya popo waliogoma kulala, ziko kwenye ripoti zangu kwa utaratibu wake.

Siku yangu ya mwisho mlininunulia keki na kanga, nashukuru. Watu walipotawanyika Faraji akavuta kiti changu cha mwangalizi akakikalia yeye, akanipa pedi. Nilimkumbusha sharti. Akasema nimekwisha staafu, sharti halinihusu tena. Nikacheza. Nilikufa kwa popo wadogo kwa namna ambayo sitaieleza hapa, na kwa Kaa Mkuu niliona kwamba pedi ni mbovu. Faraji alinisaidia kuruka sehemu kadhaa, mpaka nikafika langoni.

Yule Bibi namjua kuliko mtu yeyote. Nimemwona akitengenezwa, najua ishara zake zote na kisanduku chake kilipo, na najua kwamba kizingitini fimbo inashuka yenyewe bila mchezaji kufanya lolote. Nikafika kizingitini. Bibi akainamisha bega.

"Bi Zuhura," Faraji akasema nyuma yangu, "umetoa kidole."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimekitoa.

"Niandike?" akauliza.

"Andika."